Kuna nanga ndani ya pete ya bibi, ni alama ya nani?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi pete na mkufu wa marehemu bibi. Ndani ya pete kuna nanga ndogo, kuna 9, kuna .375 (ina nukta kabisa mbele), kuna kaherufi kamoja kako peke yake, alafu kuna herufi mbili zimefutika nusu, naona kama H na S au H na B. Mkufu kwenye kifungo umeandikwa 1/20 12K GF. Kaka anasema nanga ni chapa ya kampuni ya meli maana babu alikuwa baharia. Nani alitengeneza hii pete, na mkufu ndo dhahabu ya karati 12?

JIBU: Marahaba. Mwambie kaka asivunjike moyo ila meli haimo kabisa hapo. Hiyo nanga ni ya ofisi ya kupima dhahabu na fedha ya Birmingham, Uingereza, imekuwepo tangu 1773, na cha kuchekesha ni kwamba Birmingham hata bahari haina. London wanapiga kichwa cha chui, Edinburgh ngome, Sheffield siku hizi ua waridi. Kwa hiyo nanga inakuambia pete ilipimwa wapi, haikuambii nani aliichonga, na hapo ndo watu wengi wanapotea kwa sababu wanaona mchoro mzuri wanadhani ndo chapa ya fundi.

Sasa namba. 9 ni karati na .375 ni kitu hichohicho kwa njia nyingine, yaani sehemu 375 kati ya 1000 ni dhahabu, iliyobaki ni shaba, fedha na madini mengine ya kuikaza. Ila hiyo nukta uliyoitaja imenifurahisha, umefanya vizuri kuandika. Waingereza walianza kuruhusu karati 9 mwaka 1854, na hadi 1974 walikuwa wanapiga 9 na .375 pamoja, kuanzia 1975 sheria ikabadilika ikawa taji na 375 tupu bila ile 9. Kwa hiyo pete yako ni ya kabla ya 1975, hapo hata hatujagusa ile herufi.

Kaherufi kanakokaa peke yake ndo mwaka. Kila mwaka ofisi ilikuwa inabadilisha herufi, alfabeti ikiisha wanaanza upya ila wanabadilisha mwandiko na umbo la kale kafremu kanakoizunguka, kwa hiyo ukiniambia tu "ni m" hujanisaidia, nataka kujua ni m ndogo au kubwa, imelala au imesimama, na fremu ina kona nne au imechongoka chini. Na uangalie jedwali la Birmingham, usichukue la London, maana kabla ya 1975 kila ofisi ilikuwa na mzunguko wake na herufi ileile inaweza kukupa miaka tofauti kabisa.

Haya, H na S au H na B. Hapo ndo alama ya mwenye kazi, lakini kwa Waingereza ni ya yule aliyeipeleka pete ikapimwe, anaweza kuwa fundi mwenyewe, mwenye karakana au hata mwenye duka, kwa hiyo ukipata jina usiseme moja kwa moja huyu ndo aliishika kwa mkono wake. Kuuliza HS ni nani bila mji wala mwaka ni kama kuuliza Juma ni nani, Juma wapo wengi. Ndo maana nimeanza na nanga na mwaka, ukishavipata hivyo unatafuta kwenye rejista ya alama za Birmingham kwa kipindi hicho, na hapo umbo la fremu linaamua, kwa sababu watu wawili wanaweza kuwa na herufi sawa ila mmoja kazitia kwenye mstatili mwingine kwenye duara mbili zilizogusana.

Kuzisoma vizuri: osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini (kama ina lulu au jiwe lililogandishwa kwa gundi usiloweke), tumia lenzi ya kukuza mara 10 na taa uiweke pembeni, isitoke juu, kivuli ndo kinachoinua maandishi. Piga picha kadhaa huku unaizungusha. Na tafadhali usimpe sonara aipolishi au kuipunguza saizi kabla ya kupiga picha, wakipunguza wanakata palepale chini ambapo mihuri mara nyingi iko.

Mkufu sasa, hapa sina habari tamu. GF ni kwamba juu kuna tabaka la dhahabu lililobanwa kwenye madini ya bei rahisi, mara nyingi shaba njano. 1/20 ni uzito wa hilo tabaka, na lenyewe ni karati 12, yaani nusu tu ndo dhahabu safi. Mkufu wa gramu 10 una nusu gramu ya tabaka, dhahabu safi robo gramu. Bado ni bora mara nyingi kuliko wa kuchovya (GP au HGE) na unadumu miaka, ila usiuuze wala kuununua kwa bei ya karati 12. Usichanganye na KP, ukiona 14KP hiyo ni dhahabu kamili karati 14 na wala haijachovywa, kuna watu wametupa vitu vya maana kwa sababu ya hiyo P.

Alafu kwa mkufu wowote angalia na kapete ka mwisho ka mnyororo kanakoshika kifungo, vifungo vinavunjika vinabadilishwa, unaweza kukuta muhuri ni wa kifungo tu na mnyororo ni kitu kingine kabisa. Kama una wasiwasi, sumaku ikivuta mnyororo wenyewe ujue kuna chuma (usijaribie kwenye kifungo, kile kina springi ya chuma hata kwenye dhahabu halisi), isipovuta bado haijathibitisha kitu kwa sababu shaba nayo haivutwi, hapo upeleke mkufu ukapimwe kwa mashine ya mionzi, haikwaruzi. Nitumie picha ya ile herufi ya mwaka na fremu yake, nikuambie mwaka.