Uliza Fundi: Pistoni za 11 kwa 1 kwa petroli ya pampu, zitapona?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina injini ya silinda 4, bore (upana wa silinda) 86 stroke (mwendo wa pistoni) 86, zote kwa mm, naifungua yote. Nimenunua pistoni za 11 kwa 1, za zamani zilikuwa 10. Jamaa mmoja kaniambia kwa petroli ya okteni 95 nitatoboa pistoni, mwingine anasema we weka kamshafti kali tu itashusha kompresheni. Nimsikilize nani?

JIBU: Salama ndugu yangu. Kila mmoja kashika kipande. Hiyo 11 kwa 1 ya kompresheni ni hesabu ya chuma tu, unachukua ujazo wote pistoni ikiwa chini kabisa unagawanya kwa ujazo unaobaki ikiwa juu. Silinda yako moja inameza kama cc 500, basi juu inabaki cc 50 hivi. Ila petroli haisomi kilichoandikwa kwenye boksi la pistoni, yenyewe inaanza kubanwa pale valvu ya kuingiza inapofunga, na hiyo valvu inafunga wakati pistoni ishaanza kupanda zamani.

Nimekupigia hesabu kwa konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) ya mm 143. Kamshafti ndo inayofungua na kufunga valvu, sasa inayofunga digrii 40 za mzunguko wa krenki baada ya pistoni kuwa chini inakuachia kama 10.1 kwa 1. Inayofunga digrii 70, pistoni imebakiza mm 63.5 tu za kubana, unapata 8.4. Pistoni zilezile, hedi ileile! Wajenzi wengi wa injini za kawaida wakitumia petroli ya pampu wanalenga kati ya 8 na 8.5 kwenye hesabu hii ya pili, kwa hiyo jamaa yako wa kamshafti hajakosea, ila asikuuzie kama dawa ya bure, maana ukirudi kwenye pistoni za 10 ukaweka kamshafti hiyohiyo unashuka mpaka 7.6, hapo gari chini inakuwa nzito kama inavuta jiwe halafu injini ikiachwa ijiendeshe yenyewe inatetemeka. Ndo kosa ninaloliona sana, mtu ananunua kamshafti kwa sababu ya mlio.

Angalia pia karatasi ya kamshafti, mara nyingi digrii zilizoandikwa zimepimwa valvu ikiwa tayari imenyanyuliwa inchi 0.050, ukitumia hizo kwenye hesabu utajidanganya. Tafuta za pale valvu inapokaa kabisa kwenye siti. Na fundi akikufungia kamshafti mbele digrii 4 valvu inafunga mapema, presha inapanda, ulichopunguza kinarudi kidogo.

Halafu usitegemee hesabu peke yake. Resi zikipanda hewa inaingia kwa kasi yake yenyewe na kamshafti kubwa inajaza silinda vizuri tu, hivyo taimingi, yaani wakati plagi inapotoa cheche, lazima irekebishwe upya. Nafasi kati ya pistoni na sehemu bapa ya hedi ikae karibu mm 1, mchanganyiko wa hewa na petroli unachanganyika vizuri na kugonga, yaani petroli kujilipua yenyewe, kunapungua, watu wanaogopa kugonga huko wanaweka gasketi nene wakati mwingine wanaharibu hapohapo. Kugonga kwenyewe kunajitokeza hasa resi zikiwa chini na mzigo mkubwa, mfano unapanda mlima na gia kubwa umekanyaga mpaka mwisho. Ukisikia sauti kama kokoto kwenye kopo, achia mguu kwanza, maswali baadaye.

Mimi ningebaki na 11, kamshafti ya kufunga karibu na 70, hasa kama hedi yako ni ya alumini, maana inatoa joto haraka kuliko chuma. Ila kama gari ni ya foleni kila siku, kaka, rudisha za 10 na kamshafti ya kufunga kwenye 60, utapata kama 8.3 na utaendesha kwa raha.

SWALI: Mbona Prius, ile haibridi ya Toyota, ina 13 kwa 1 na inakunywa petroli ya kawaida tu, au wanatudanganya?

JIBU: Hawadanganyi, ni mchezo uleule. Valvu ya kuingiza inachelewa makusudi kufunga, hewa nyingine inarudishwa ilikotoka, kwa hiyo inabana kidogo lakini inapanuka kwa ile 13 yote. Inakosa nguvu ndo maana kuna mota ya umeme pembeni ya kuisukuma. Mazda nao kwenye injini zao za Skyactiv-G walifika 14 kwa petroli ya 95, wao walihangaika zaidi na kutoa moshi wa moto ndani ya silinda, eksozi ndefu 4-2-1 (mabomba manne yanaungana kuwa mawili, kisha moja) na kupulizia petroli ndani moja kwa moja.

SWALI: Nikiweka okteni kubwa kwenye injini isiyogonga nitapata nguvu?

JIBU: Hapana. Okteni ni uvumilivu wa petroli kabla haijajilipua yenyewe, sio nguvu. Kama kompyuta ya gari yako ilikuwa inarudisha taimingi nyuma kimyakimya kwa sababu sensa inasikia kugonga, hapo ndo utaona tofauti.