Mwaka wa kwanza usalama wa mtandao: hiyo laki moja na nusu nunua bando

Mdogo wangu, nimesoma swali lako. Umechaguliwa kozi ya usalama wa mtandao, hesabu zako za kuungaunga, laptopu ina RAM ya GB 4, na kuna jamaa wa Telegram anakuuzia "kozi ya udukuzi" kwa 150,000. Unauliza ulipe ili usiachwe nyuma. Usilipe.

Mimi niliingia chuo na ugonjwa huohuo. Wiki ya pili nilishaweka Kali, ile Linux iliyojaa zana za udukuzi, joka lake limejaa kwenye kioo, taa nimezima, wenzangu chumbani wananiogopa kwa waifai yao. Kumbe komandi zote nakopi YouTube. Nmap, programu ya kuskani mitandao, ikiniambia mlango namba 22 uko wazi nasisimka, ila ungeniuliza huo mlango ni kitu gani ningeanza kukohoa (kumbe ni namba ambayo huduma moja ya kompyuta hupokelea mawasiliano). Usiku mmoja nikaskani mtandao mzima wa hosteli. Kesho yake saa nne nikaitwa ofisi ya TEHAMA. Dada niliyemkuta hakunifokea. Aligeuza kioo cha kompyuta yake nikaona anwani ya laptopu yangu, dakika niliyoanza, na mistari isiyo na mwisho. Kisha akanipa nakala ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, akaniambia nikasome kuhusu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, halafu nirudi kumweleza. Nilitoka shati limelowa.

Muhula huohuo somo la mitandao likanipa sapu, mtihani wa marudio. Nilikuwa nalikwepa, nikiona ni la mafundi wa kuvuta waya.

Sapu ile ndiyo iliyonifungua macho. Nikikesha na daftari la kuazima nikafika kwenye TCP, utaratibu wa kompyuta mbili kuanza mazungumzo: kompyuta moja hutuma SYN, ya pili hujibu SYN-ACK, ya kwanza hufunga na ACK. Hodi, karibu, naingia. Basi. Skani yangu ilikuwa inapiga hodi, ikisikia "karibu" inaondoka bila kuingia, inahamia mlango wa pili. Na Nmap usipoielekeza hugonga milango 1,000 kwa kila mashine! Sasa fikiria mtu apite mtaa mzima saa nane usiku akibisha kila nyumba na hakuna anapoingia. Utashangaa akiitwa kwa mjumbe? Hapo nikaelewa yule dada alinionaje, na kwamba alichojua yeye ni somo lilelile nililolidharau.

Kwenye maabara ndipo ilipokaa vizuri zaidi. Lekchara alitupa mashine mbili za mazoezi, akatuambia tuingie kutoka moja kwenda nyingine kwa Telnet, njia ya zamani ya kuendesha kompyuta ya mbali, mlango wa 23, huku Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita, ikinasa. Nywila yangu nikaiona inapita herufi kwa herufi, kama mtu anayeisoma kwa sauti kwenye daladala. Tukarudia kwa SSH, inayofanya kazi hiyohiyo ila inaficha data, mlango wa 22: takataka tupu, hakuna kinachosomeka. Tulikaa kimya darasa zima. Halafu akatuuliza kuhusu ile njia salama ya kufungulia tovuti, "Je, HTTPS inaficha kila kitu?" Tukajibu ndiyo kwa pamoja. Akatuonyesha maulizo ya DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake: maudhui yamefichwa, lakini jina la tovuti uliyoitembelea lilikuwa pale waziwazi. Sijawahi kusahau, na hakuna video iliyokuwa imenipa hicho kitu.

Hesabu zisikutishe sana. Saa 8 ukiongeza saa 7 unapata saa 3, si 15; umeshafanya hesabu ya mzunguko bila kujua. RSA, ile njia ya kuficha ujumbe ya 1977, imejengwa juu ya mzunguko wa namna hiyo, tofauti ni kwamba saa yake ina namba ndefu mno. Ila kipindi usikimbie, maana kwenye hesabu ndiko watu wanakodisko, yaani wanaondolewa chuo.

Halafu uzoee kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haina sinema. WannaCry, programu iliyofunga mafaili ya watu na kudai hela, ilipotikisa dunia Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, sasisho la kuziba tundu hilo, tangu Machi. Walioumia wengi hawakuwa wamekiweka. Kazini kwangu siku nyingi ni hizo: nani hajasasisha, nani bado ana akaunti na aliacha kazi mwaka jana. Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawavunji kompyuta yoyote, wanabahatisha tu wewe una deni la kodi.

Kuhusu laptopu, GB 4 inatosha kwa kuanzia, usiuze shamba. Usibebeshe Windows na Kali ndani yake kwa pamoja, itakufia. Hifadhi mafaili yako, weka Linux nyepesi kama Lubuntu, uizoee kwa kazi zako za kila siku, hata kuandikia ripoti. Jioni ingia OverTheWire, tovuti ya kujifunzia usalama kwa michezo, uanze na mchezo unaoitwa Bandit. Ni bure, unaingia kwa SSH, na kwa kuwa ni maandishi matupu haugusi bando kama video. Ngazi ya 0 ni kuunganisha tu na kusoma faili moja. Ukifika ya 12 utakutana na faili lililobanwa, ukilifungua lina jingine limebanwa, ndani yake jingine tena. Mimi lilinila siku mbili. Ukikwama hapo njoo uulize hapahapa, ila weka na komandi ulizojaribu.