Ukibuni lugha ya Waviking na Wagaeli, anzia ufukweni

Katika lugha nilizobuni kwa ajili ya hadithi zangu, ninayoipenda zaidi ni ya visiwa vya magharibi mwa Uskoti, ambako Waviking walioleana na Wagaeli, wasemaji wa Kigaeli wa Uskoti na Ayalandi, kuanzia karne ya 9. Watu hao waliitwa Gall-Ghàidheil, Wagaeli wa kigeni, na jina lao limebaki kwenye eneo la Galloway, kusini-magharibi mwa Uskoti.

Anayetaka kujaribu asigawe kamusi nusu kwa nusu. Ajiulize kwanza nani alikuwa hodari wa nini. Waviking walikuja na majahazi na biashara, ndiyo maana Kigaeli kilichukua stiùir, usukani, kutoka stýri ya Kinordi cha kale, lugha ya Waviking; acair, nanga, kutoka akkeri; na margadh, soko, kutoka markaðr. Mambo ya malisho yakaenda upande wa pili: Wanordi wakaazima ærgi, kambi ya wachungaji wakati wa kiangazi, kutoka áirge ya Kigaeli. Ukishajua hivyo, msamiati mwingi unajipanga wenyewe.

Halafu sauti, na hapa ndipo penye utamu. Chukua vindauga ya Kinordi, dirisha (kwa asili, jicho la upepo). Katika Kigaeli neno halianzi na v likiwa kwenye umbo lake la msingi, kwa hiyo Ayalandi likawa fuinneog. Uskoti hata f ikadondoka: uinneag.

Uzuri zaidi uko kwenye h. Kisarufi, t ya Kigaeli hulainika ikatamkwa h. Basi Wagaeli waliposikia hólmr, kisiwa kidogo, wakaichukulia h kuwa t iliyolainika, wakairudisha: tolm. Ndivyo tulivyofanya sisi na kitāb ya Kiarabu. Tukasikia ki-, tukapata vitabu.

Kwa kanuni hiyo hǫfn, bandari, katika lugha yangu ni tabhan, bh ikitamkwa v. Kusema "kwenda bandarini" ni do thabhan, na kwa kuwa th, yaani t iliyolainika baada ya do, hutamkwa h, neno linasikika karibu kama lilivyokuwa midomoni mwa Waviking. Sikulipanga hilo, kanuni yenyewe ndiyo iliyolileta.

Majina ya watu, kwa maoni yangu, usiyabuni kabisa. Yapo tele, na yalivuka pande zote mbili: Þormóðr ni Tormod kwa Wagaeli hadi leo, na Niall alikwenda Aisilandi akawa Njáll.