Jibu: sort kukwama kwa kukosa nafasi

Ndugu, umeeleza kwamba unapanga faili la gigabaiti 60 na amri ya sort (ya Linux, ya kupanga mistari ya faili) inakatika ikidai nafasi imekwisha, ilhali diski yako kubwa bado ina nafasi tele. Nafasi iliyokwisha ni ile ya /tmp, folda ya mfumo ya mafaili ya muda. Faili linapozidi kumbukumbu ya kompyuta (RAM), sort husoma kipande, hukipanga, hukiandika kwenye faili la muda, kisha mwishoni huunganisha vipande vyote; kwa kawaida mafaili hayo huwekwa /tmp, ambayo katika mifumo mingi ni sehemu ndogo, na pengine ni kumbukumbu yenyewe. Yaelekeze kwenye diski kubwa:

LC_ALL=C sort -S 4G -T /data/muda -o matokeo.txt orodha.txt

Hapa -S ni kiasi cha kumbukumbu cha kutumia, -T ni folda ya mafaili ya muda, na -o ni faili la matokeo. Hakikisha folda hiyo ya muda ipo, na kwamba diski inatosha mafaili ya muda pamoja na matokeo. LC_ALL=C huharakisha kazi mno kwa kuwa herufi hulinganishwa kwa baiti, lakini herufi kubwa zote zitatangulia ndogo; ukitumia join (amri ya kuoanisha mistari ya mafaili mawili yaliyopangwa) baadaye, iendeshe kwa LC_ALL=C hiyohiyo.

Kwa sisi wa Dar es Salaam nasisitiza jambo moja: umeme ukikatika, sort haiendelei ilipoishia. Ligawe faili kwa split -C 5G (vipande vya hadi gigabaiti 5, bila kukata mistari katikati), panga kila kipande peke yake, halafu uviunganishe kwa sort -m, ukitumia LC_ALL=C katika hatua zote mbili. Vipande vilivyokwisha kupangwa hutavirudia.