Uwazi wa beringi za krenki kwenye 2JZ: kwanza sema utatia oili gani

Ndugu uliyeuliza kuhusu 2JZ-GTE yako, ile injini ya Toyota ya silinda sita yenye turbo: umesema fundi wa kukereza amekushauri aache uwazi wa milimita 0.10, yaani nafasi ya oili kati ya beringi na krenki (krankshafti), eti injini ya mbio lazima iwe huru. Usikubali. Hapa Lubumbashi ushauri huo nausikia sana, na wengi wanaoutoa ni hodari wa mashine ila hawajakaa wakatazama geji ya presha injini ikiwa imepata joto vizuri.

Oili haitulii ndani ya beringi. Inasukumwa na pampu kisha inavuja pembeni muda wote, na uvujaji huo hupanda kwa kipeo cha tatu cha uwazi. Toka 0.05 hadi 0.10 umezidisha uwazi mara 2, lakini oili inayokimbia inakaribia mara 8. Pampu ni ileile. Presha inaanguka, na beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) za mwisho ndizo hulia kwanza. Ukibana kupita kiasi nako ni balaa: krenki hupinda kidogo chini ya turbo kubwa, oili iliyobanwa inachemka, utando wake unakatika na chuma kinagusa beringi.

Pa kuanzia ni sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo, yaani sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi. Shingo kuu za 2JZ ni milimita 62, za konrodi ni 52, kwa hiyo hesabu inakupa 0.062 na 0.052. Bloku ya 2JZ ni chuma cha kusubu, haitanuki kama ya alumini. Mimi nikijua mwenye gari atatia 10W-40, nalenga 0.050 hadi 0.060 kote. Akisema 20W-50, shingo kuu zinaweza kufika 0.065. Ikipita 0.075 nabadilisha beringi. Kiwandani kwa kawaida huacha uwazi mdogo kuliko ninaolenga mimi, maana gari la kwenda kazini linataka ukimya na oili nyepesi.

Sasa kupima, na hapa ndipo pesa zinapopotea. Funga vifuniko na beringi zake ndani, kwa bolti zilezile utakazotumia mwisho, kwa toki ileile na kilainishi kilekile. Ukinunua stadi (bolti imara za kukazia vifuniko) za kampuni ya ARP baada ya kupima, kazi yako imekufa: zinavuta kifuniko kwa nguvu nyingine na tundu linabadilika umbo. Mara nyingi bloku hurudi kwenye mashine ili matundu yote 7 yanyooshwe tena kwa mstari mmoja.

Pima shingo kwa maikromita sehemu kadhaa na pande mbili zinazokatana, uone kama ni duara kweli na kama haijachongoka upande mmoja. Ifunge maikromita kwenye kipimo cha shingo hiyo, kisha weka geji ya saa ya kupimia tundu kwenye sifuri ndani yake. Hapo geji itakusomea uwazi moja kwa moja, na hata maikromita yako ikidanganya kidogo, inadanganya pande zote mbili. Soma wima, si kwenye maungio ya nusu mbili za beringi, kwa sababu kuta za beringi hupungua unene zikielekea kwenye maungio. Plastigage, ule uzi wa plastiki unaobanwa ndani ya beringi kupima uwazi, ninayo, naitumia kuhakikisha tu.

Halafu baridi yetu. Asubuhi ya Juni garaji linaweza kuwa nyuzi 10, saa nane mchana 25. Shingo ya milimita 62 hubadilika karibu 0.01 kwa tofauti hiyo. Ukipima krenki alfajiri na bloku mchana, umejipatia uwazi ambao haupo. Viache vilale pamoja usiku kucha, upime vyote kwa mkupuo mmoja.

Kurekebisha si kwa msasa wala karatasi nyuma ya beringi, na anayekusugulia kifuniko kwa tupa mnyang'anye funguo. Toyota huuza beringi kwa madaraja, unajumlisha namba zilizogongwa kwenye bloku na kwenye krenki. Za mbio, kama za kampuni za ACL au Clevite, zipo zenye herufi X zinazoongeza uwazi kwa takriban 0.025. Ukichanganya nusu moja ya X na nusu ya kawaida unapata karibu 0.013. Mgongo wa beringi uwe mkavu na msafi kabisa. Vumbi letu jekundu la kiangazi likiingia hapo linakula uwazi wote sehemu moja.

Mchezo wa krenki mbele na nyuma usiusahau, 0.10 hadi 0.20 inanitosha, hasa kama klachi yako ni nzito.

Ikiwaka na kupata joto, tafuta presha ya oili ya bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000 kwa dakika. Baada ya safari fupi za kwanza kata filta ya oili, ukunjue karatasi yake juani utafute chembe za chuma. Kabla ya hapo tuma vipimo vya shingo zote 7 na 6 za konrodi, pamoja na oili unayoweza kuipata hapo ulipo bila kuhangaika, tuangalie ni zipi zinahitaji X.