Karatasi za mahafali ya kale: majibu kwa wasomaji

Mwezi uliopita nilitaja hapa, kwa sentensi mbili tu, kwamba ninakusanya karatasi zilizopigwa chapa kwa ajili ya mahafali ya vyuo vya Marekani katika karne ya 17 na 18. Sikutegemea barua nyingi kiasi hiki. Nimechagua saba ambazo naona zitawafaa na wengine.

Mwalimu, naomba ufafanuzi. Hizo karatasi ni vyeti vya watu? Unakusanyaje vyeti vya watu waliokwisha kufa? (Msomaji, Morogoro)

Si vyeti. Cheti kiliandikwa kwa mkono, mara nyingi juu ya ngozi, kikawa cha mtu mmoja. Karatasi ninayoisema ilikuwa ya watu wote waliohudhuria.

Enzi hizo mhitimu hakuvishwa joho akapiga picha akaondoka. Ilimpasa asimame hadharani atetee hoja kwa Kilatini. Chuo kilizipanga hoja za darasa zima, kikazipeleka kwa mpiga chapa, naye akatoa karatasi moja kubwa iliyochapwa upande mmoja. Siku ya mahafali iligawiwa kwa wageni: gavana, wachungaji, wazazi, mahakimu. Mgeni mwenye elimu yake aliweza kuchagua hoja yoyote na kumtaka mwanafunzi aitetee.

Ninayo moja mezani ninapoandika. Juu kabisa kuna jina la gavana kwa herufi kubwa, limepangwa mistari mifupi mifupi katikati ya karatasi kama maandishi ya kaburini. Chini yake yanafuata majina ya wahitimu, wanaoitwa *juvenes in artibus initiati*, vijana walioingizwa katika elimu. Kisha safu za hoja kwa herufi ndogo sana: mantiki, sarufi, ufasaha, hesabu, fizikia, maadili. Mwisho kabisa mahali, tarehe na mwaka kwa tarakimu za Kirumi. Imekunjwa mara nne, na mikunjo imekuwa ya kahawia. Nadhani ilikaa mfukoni mwa mtu au ndani ya barua.

Waliorudi kuchukua shahada ya pili walikuwa na karatasi yao, ya maswali. Kila swali lilifuatiwa na jibu la mtahiniwa: *affirmat*, anakubali, au *negat*, anakataa.

Ya zamani kuliko zote ni ipi, na inauzwa wapi? (Msomaji, Muscat)

Hiyo haiuzwi, ndugu yangu. Harvard ilianzishwa mwaka 1636. Mahafali yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1642, wahitimu wakiwa 9. Hoja zao tunazijua kwa sababu zilichapishwa tena London mwaka 1643, lakini karatasi yenyewe imepotea. Ya mwaka uliofuata, 1643, imesalimika, nayo iko Glasgow, Uskoti, mbali kabisa na ilikochapwa. Matbaa iliyozichapa ndiyo ya kwanza katika makoloni ya Waingereza huko Amerika. Ililetwa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1638, ikaendeshwa na Stephen Daye na jamaa zake.

Kwa nini ni adimu hivyo? Kwanza, kitu kinachogawiwa bure hakitunzwi. Pili, maktaba ya Harvard iliteketea kwa moto Januari 1764, ikapoteza vitabu kama 5,000. Za karne ya 17 zilizobaki ziko katika maktaba, na zitakaa humo.

Anayeanza leo atafute za karne ya 18 na miaka ya kwanza ya karne ya 19. Na asiitazame Harvard peke yake. Yale ilianzishwa mwaka 1701. Princeton, wakati huo ikiitwa College of New Jersey, ilitoa wahitimu wake 6 wa kwanza mwaka 1748. Brown ilifanya mahafali ya kwanza mwaka 1769 mjini Warren, Rhode Island, kwa wahitimu 7. Dartmouth ikafuata mwaka 1771 na wahitimu 4. Madarasa yalikuwa madogo hivyo, ndiyo maana kila karatasi inabeba jina la mtu unayeweza kumfuatilia maisha yake yote.

Niliona picha ya karatasi moja mtandaoni. Majina hayakufuata alfabeti wala sidhani yalifuata alama. Yalipangwaje? (Mwanafunzi, Eldoret)

Una jicho zuri. Harvard na Yale yalipangwa kwa hadhi ya baba. Mtoto wa gavana au wa hakimu juu, mtoto wa mkulima chini, na mpangilio huo ulimfuata mtu darasani, mezani na kanisani. John Adams, aliyekuja kuwa Rais wa pili wa Marekani, aliwekwa nafasi ya 14 katika darasa lake la 1755, darasa la watu wasiofika 30. Yale iliacha desturi hiyo katika miaka ya 1760 na Harvard ikafuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo ukiona majina ya karatasi ya Harvard au Yale yamefuata alfabeti, unashika karatasi ya baada ya mabadiliko hayo, au karibu nayo. Hiyo ni njia mojawapo ya kukisia umri wake hata kama sehemu ya chini imekatika.

Sijui Kilatini. Nitafaidi nini? (Msomaji, Dodoma)

Utafaidi mengi kwa maneno machache. Waliokulia katika Kanisa Katoliki wameshatangulia: Johannes ni Yohane, Jacobus ni Yakobo, Carolus ni Karoli, yule yule wa Karoli Lwanga. Gulielmus ndiye William. Majina ya ukoo kwa kawaida yaliachwa kama yalivyo. *Praeses* ni mkuu wa chuo. *Cantabrigiae Nov-Anglorum* ni Cambridge ya New England, yaani ile ya Massachusetts, usiichanganye na ile ya Uingereza. Julai huenda ikaandikwa *Quintilis*, wa tano, kwa sababu Warumi wa kale walianza kuhesabu miezi kutoka Machi, kama sisi wa pwani tunavyohesabu Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili baada ya Ramadhani.

Angalia pia namna mwaka ulivyoandikwa. Baada ya 1776 karatasi nyingine huongeza mwaka wa uhuru kando ya mwaka wa Bwana. Tazama na jina la gavana lililoko juu: kabla ya vita vya uhuru ni mteule wa Mfalme wa Uingereza, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1780 Gavana wa Massachusetts ni John Hancock, aliyetia sahihi kubwa kuliko wote kwenye Azimio la Uhuru. Kati ya vipindi hivyo viwili kuna pengo. Mwaka 1775 wanafunzi wa Harvard walihamishiwa Concord, majengo yao yakachukuliwa na wanajeshi, na mahafali ya hadhara yakasimama miaka kadhaa.

Samahani kwa swali gumu. Sisi Waafrika tunatafuta nini katika karatasi za watoto wa matajiri wa Kizungu wa wakati wa utumwa? (Dada mmoja, Minneapolis)

Dada, hili ndilo swali lililonifanya nianze, na nitalijibu kwa urefu.

Julai 21, 1773, katika mahafali ya Harvard, vijana wawili waliokuwa wakihitimu, Theodore Parsons na Eliphalet Pearson, walisimama mbele ya umma wakajadili kama ni halali kuwafanya Waafrika watumwa. Mjadala huu haukufanywa kwa Kilatini. Ulikuwa kwa Kiingereza, ili kila aliyekuwapo aelewe. Ulichapishwa Boston mwaka huo huo, na katika kijitabu wasemaji wanaitwa A na B tu. Mmoja anasema utumwa unapingana na usawa wa asili wa binadamu. Mwingine anajenga hoja, hatua kwa hatua, kwamba Mwafrika ana hali bora akiwa mtumwa Amerika kuliko akiwa huru kwao. Niliposoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilikiweka kijitabu chini nikatoka nje. Ni lugha safi, yenye adabu, iliyopangwa vizuri, na inazungumzia watu wa damu yangu kama mtu anavyozungumzia bei ya mahindi.

Sasa tazama karatasi zilizotangulia. Kuanzia 1737 hadi 1769 mkuu wa Harvard alikuwa Edward Holyoke, na jina lake limo kwenye karatasi za mahafali za miaka hiyo. Nyumbani kwake walifanya kazi Juba na Bilhah, watu aliowamiliki. Kabla yake, mkuu aliyeitwa Benjamin Wadsworth aliwamiliki Titus na Venus. Majina hayo manne hayamo kwenye karatasi yoyote ya mahafali, lakini tangu 2016 yamechongwa kwenye kibao katika nyumba ile ile ya wakuu, Wadsworth House, pale Cambridge. Mimi nimeyaandika kwa penseli kwenye kadibodi inayoshikilia karatasi yangu ya wakati wa Holyoke, ili atakayeirithi asome majina yote pamoja.

Na kuna upande mwingine. Mwaka 1743, chini ya Holyoke huyo huyo, Samuel Adams alichukua shahada ya pili kwa swali hili: je, ni halali kumpinga mtawala mkuu ikiwa hakuna njia nyingine ya kuiokoa jamhuri? Alijibu ndiyo, miaka zaidi ya 30 kabla ya mapinduzi dhidi ya Uingereza, ambayo yeye mwenyewe alikuja kuwa miongoni mwa viongozi wake. Katika mahafali ya kwanza ya Brown, mwaka 1769, James Mitchell Varnum alipewa upande wa kupinga kwamba Amerika ijitenge na Uingereza. Baadaye akawa jenerali katika jeshi la George Washington.

Ndiyo maana naumia ninapoona mtu anainunua karatasi kama hii, anaiwekea fremu ya dhahabu na hasomi hata mstari mmoja. Humo mna vijana wa miaka 18 au 20 wakijaribu mawazo hadharani, mengine ya kuwakomboa na mengine ya kutufunga sisi. Nataka msomaji wa Kiswahili naye awe mezani wakati karatasi hizo zinasomwa.

Nitajuaje kama si ya kughushi? Na nikishaipata, niitunzeje hapa Tanga penye unyevu wote huu? (Msomaji, Tanga)

Igeuze kwanza. Herufi za risasi ziligandamizwa kwa nguvu, kwa hiyo ukiinua karatasi pembeni mwa taa utaona upande wa nyuma umevimba kidogo palipo na maandishi, na ukipitisha kidole polepole utahisi. Nakala ya picha ni laini pande zote mbili. Kisha ielekeze kwenye mwanga. Karatasi ya wakati huo ilitengenezwa kwa vitambaa vilivyochakaa, na nyingi zinaonyesha mistari iliyoachwa na chekeche la waya, pengine na alama ya maji, yaani nembo ya mtengenezaji inayoonekana kwenye mwanga tu. Mwisho chukua kioo cha kukuzia: ukiona nukta nukta zilizopangana, hiyo ni chapa ya kisasa.

Lakini vipimo vya macho havitoshi. Mwaka 1985 Mark Hofmann wa Utah alijitokeza na karatasi moja aliyodai ni kiapo cha raia kilichochapwa na Daye mwaka 1639, chapa ya kwanza kabisa ya matbaa ile, ambayo hakuna nakala yake inayojulikana. Alitaka dola milioni 1.5, na taasisi kubwa zilikaa naye mezani. Alikuwa ameichonga mwenyewe. Ili kuficha deni na uongo wake aliua watu wawili kwa mabomu, akakiri makosa yake mahakamani mwaka 1987. Kwa hiyo uliza kila mara: imetoka kwa nani, na huyo aliipata wapi? Ukiona muhuri wa maktaba usio na alama ya kuonyesha kwamba iliondolewa rasmi, usilipe hata senti. Waandikie maktaba hiyo kwanza.

Kutunza: usifanye laminesheni, na selotepu isiifikie kabisa. Mimi mwenyewe niliwahi kumpa fundi wa fremu karatasi ya Yale, akaibandika kwa gundi juu ya kadibodi ya kawaida. Baada ya miaka mitatu ilikuwa na madoa ya njano yasiyotoka. Itie kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta na kadibodi isiyo na asidi, iwekwe imelala, gizani, mbali na ukuta unaotazama bahari. Vipakiti vya silika vibadilishwe mara kwa mara. Unyevu ukikaa karibu asilimia 50 bila kupanda na kushuka, karatasi ya vitambaa itakuzidi umri wewe na wajukuu wako.

Kuhusu bei, kwa kuwa wengi wameuliza: za miaka ya 1790 na 1800 mara nyingi huuzwa kwa mamia ya dola. Bei hupanda sana jina maarufu likiwemo.

Naishi Worcester, Massachusetts, naendesha basi. Sina pesa ya kununua, ila natamani kuiona moja kwa macho yangu. (Msomaji, Worcester)

Kaka, umekaa mlangoni. Mji wako una American Antiquarian Society, iliyoanzishwa mwaka 1812 na mpiga chapa Isaiah Thomas, aliyeihamishia matbaa yake Worcester kutoka Boston mwaka 1775 vita vilipokaribia. Wana karatasi za aina hii kwa wingi, na chumba chao cha kusomea hakitozi ada kwa mtu mwenye jambo la kuchunguza. Waandikie kabla ya kwenda, waambie ni mwaka gani na chuo gani unataka. Hata ukiwa nyumbani, Harvard imeweka mtandaoni picha za karatasi zake za tangu karne ya 17, bure.

Ukienda, omba pia kijitabu cha mjadala wa 1773. Nawa mikono, uikaushe vizuri. Kalamu ya wino iache kabatini, beba penseli.