Jiko la gesi la karai linafifia na kutoa masizi: anza na mtungi kabla ya kulaumu jiko

Mkuu, kama nimekuelewa, tatizo lako ni hili. Umenunua jiko la gesi la presha kubwa, la kichwa kimoja cha chuma, kwa ajili ya karai la chipsi hapo Uyole, Mbeya. Ukiwasha asubuhi linaunguruma vizuri. Baada ya muda moto unalegea na kugeuka njano, karai linajaa masizi, na ukitikisa mtungi unasikia gesi bado ipo. Fundi amekwambia nozeli (kile kitundu kinachopitisha gesi kuingia jikoni) ni ndogo, aitoboe kidogo. Usimruhusu. Nitaeleza kwa nini, ila nozeli ije baadaye.

Mimi nakaanga Mwanjelwa, na msimu wa harusi tunabeba majiko hadi Tukuyu, Makambako na Njombe. Malalamiko kama yako nayasikia kila baridi inapoingia, na mara nyingi sana jiko halina kosa. Kosa lipo kwenye mtungi, au tuseme kwenye baridi ya huku kwetu.

Kilichomo ndani ya mtungi ni kimiminika. Ili kiwe gesi lazima kichemke, na ili kichemke kinahitaji joto, ambalo kinalichota kwenye bati la mtungi, na bati nalo linalichota kwenye hewa ya nje. Ukipika kwa jiko la nyumbani, kichwa kimoja kinatumia kilowati mbili au tatu tu, mtungi hata hausikii. Jiko la karai ni habari nyingine. Mengi yanaandikwa kilowati 20, 30 na kuendelea. Kilo moja ya gesi ina takriban kilowati-saa 12.8 za nguvu, kwa hiyo jiko la kilowati 30 ukilifungulia lote linameza zaidi ya kilo mbili kwa saa. Sasa mtungi wako wa kilo 6 utachota wapi joto la kuchemsha kiasi hicho, saa moja asubuhi mwezi wa Julai, tena umesimama juu ya sementi ya baridi? Unapoa, presha inashuka, moto unalegea. Ukiona umande au barafu inayozunguka mtungi kwa chini, huna haja ya fundi. Na pale umande unapoishia kwa juu ndipo kimiminika kilipoishia, kwa hiyo hapo hapo umejua kimebaki kiasi gani.

Kuna jambo la pili watu wengi hawalijui. Gesi ya kupikia tunayonunua huwa ni mchanganyiko wa propeni (propane) na buteni (butane). Propeni inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri. Buteni inachemka karibu na sifuri yenyewe. Ndani ya mtungi mmoja propeni ndiyo inayotangulia kutoka kwa wingi, na kadiri unavyotumia, kinachobaki chini kinazidi kuwa buteni. Dar es Salaam hakuna anayeona tofauti, joto la bure lipo mchana na usiku. Huku kwetu, mtungi ukifika robo ya mwisho asubuhi ya baridi, buteni inakaa tu humo ndani haina presha ya kuliendesha jiko kubwa. Ndiyo maana unaitikisa unaisikia, lakini haiji. Watu wanarudisha mitungi dukani na gesi yao ndani, halafu wanamtuhumu muuzaji kwamba amewapunja. (Kupunjwa nako kupo, sikatai. Dawa yake ni mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye mtungi wenyewe, pima, toa, utajua.)

Jaribio ni rahisi. Moto ukilegea, zima, pumzisha nusu saa mtungi ukiwa sehemu yenye jua, kisha washa. Ukirudi na nguvu zake, tatizo ni mtungi. Usiporudi, ruka aya mbili zinazofuata uende kwenye regyuleta, kile kifaa cha kwenye mtungi kinachopunguza presha ya gesi.

Dawa ya mtungi unaopoa ni kupunguza unachoudai. Mtungi mkubwa una bati kubwa na kimiminika kingi, haupoi haraka, kwa hiyo kilo 15 ni afadhali sana kuliko kilo 6 kwa jiko la biashara. Bora zaidi ni mitungi miwili iliyounganishwa kwa T (kiungo cha njia tatu), yote miwili imefunguliwa kwa pamoja, kila mmoja ukitoa nusu ya kazi. T yenyewe iwe na valvu zisizoruhusu gesi kurudi kwenye mtungi mwingine. Inyanyue mitungi juu ya ubao, isikanyage sementi. Asubuhi ya baridi kali unaweza kuusimamisha mtungi kwenye beseni la maji ya vuguvugu, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, yasizidi hapo. Na ile robo ya mwisho inayogoma kwenye karai, ipeleke nyumbani ukamalizie kwenye jiko dogo la jikoni kwa regyuleta yake ya kawaida. Pale ndani kuna joto kidogo na jiko linadai kidogo, itaisha yote.

Sasa yale ya kukataa kabisa, maana nimeyaona kwa macho. Usisogeze jiko la mkaa karibu na mtungi eti uupashe. Usiumwagie maji yanayotokota. Na usiulaze mtungi ubavu ili "gesi ya chini itoke". Ukiulaza, kinachoingia kwenye mpira ni kimiminika badala ya mvuke, na kimiminika kikifika kwenye kichwa cha jiko kinatanuka mara zaidi ya 200. Utapata moto wa kuunguza turubai la harusi nzima.

Regyuleta. Ile ya nyumbani inatoa presha ndogo sana, takriban milibaa 30 (milibaa 1,000 ndiyo baa moja). Jiko la karai la presha kubwa limetengenezewa regyuleta ya kurekebisha, yenye kitasa, ambayo inaweza kufika baa moja au mbili. Ukifunga ya nyumbani kwenye jiko hilo, moto utakuwa mnyonge tangu dakika ya kwanza, hautasubiri nusu saa. Wewe umesema asubuhi linaunguruma, kwa hiyo sidhani kama ni hilo, lakini soma maandishi yaliyogongwa kwenye regyuleta ujiridhishe. Kinyume chake ni hatari kweli: regyuleta ya presha kubwa kwenye jiko la nyumbani, au mpira wa kawaida wa jikoni ulioshikwa na klipu moja. Mpira huo unachomoka. Tumia wa presha, ulio na nyuzi ndani. Tena regyuleta nyingine zina kinga ndani yake. Ukifungua mtungi kwa haraka huku koki ya jiko iko wazi, zinadhani mpira umekatika na kuibana gesi. Moto unakuwa kama wa mshumaa na mtu anaanza kufungua spana. Funga kila kitu, subiri kidogo, fungua mtungi polepole, kisha koki.

Tuje kwenye nozeli na yule fundi wako. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe karibu 2,000, na ukipanda Kitulo unapita 2,600. Hewa ya hapa Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 18. Oksijeni inapungua kwa kiwango hicho hicho katika kila lita inayoingia jikoni. Nchi zenye utaratibu, jiko likihamishiwa milimani nozeli yake hupunguzwa; kanuni inayotumika sana Marekani ni kupunguza gesi kwa takriban asilimia 4 kwa kila mita 300. Fundi wetu anafanya kinyume, anatoboa. Moto unakuwa mkubwa kweli, mrefu na wa njano, mteja anafurahi. Lakini moto huo umekosa hewa ya kuchomea gesi yote, inayobaki ndiyo masizi kwenye karai lako, na pamoja na masizi kuna hewa ya sumu isiyo na harufu. Gesi unalipia, joto hulipati. Nozeli ikishatobolewa haizibiki, unanunua nyingine.

Cha kufanya ni kuongeza hewa. Angalia pale nozeli inapoingia kwenye bomba la jiko, utaona kisahani kinachozunguka chenye matundu. Legeza skrubu yake. Fanya kazi hii jioni au kivulini, kwa sababu juani moto wa bluu hauonekani. Washa kwa presha ya wastani bila karai, fungua kisahani taratibu mpaka ncha za njano ziishe na moto wa ndani uwe na koni za bluu zilizochongoka. Ukianza kuruka juu na kuachana na matundu ya kichwa, umezidisha, rudisha kidogo. Kaza skrubu. Ukihamia Makete kupika, fanya tena.

Angalizo: mkaanga chipsi yeyote atauona moto wa rangi ya chungwa unaotoka mara moja na kupotea. Hiyo ni chumvi na vumbi. Kama sehemu ya chini ya sufuria safi haichafuki, usihangaike nao.

Baada ya hapo weka karai. Moto ukiwa bluu bila karai na njano ukiliweka, basi karai limekaa chini mno, au ile pete inayolishika imeziba njia ya moshi kutokea. Koni za bluu zikigusa chuma cha baridi zinazimika kabla hazijamaliza kuungua, masizi yanazaliwa hapo. Nyanyua pete kwa vipande vya chuma, acha nafasi pembeni. Kwangu hili lilisaidia kuliko nilivyotegemea.

Kama jiko lilikaa stoo msimu wote wa mvua, kabla ya yote hayo piga brashi nyembamba ndani ya bomba. Buibui wanapenda sana kutaga humo. Utando kidogo tu unazuia hewa, moto unatokea pembeni ya kisahani au unarudi nyuma na kuunguza ndani ya bomba, unasikia mluzi na bomba linapata moto kupita kiasi. Ukisikia mluzi huo funga gesi papo hapo, acha lipoe, safisha. Maji ya mvua nayo yakiingia kwenye kichwa, linapigapiga na kutema moto mpaka yakauke.

Upepo siyo shida sana Uyole, lakini ukipata kazi Makambako utanikumbuka. Kinga ya bati iwe ya pande tatu, mtungi uwe nje ya kinga hiyo, upande upepo unakotokea, umbali wa mita mbili hivi. Ukiuweka ndani ya bati pamoja na jiko, yale niliyosema kuhusu mkaa yanarudi. Na ukiona baridi imezidi, usiingize jiko bandani ukafunga maturubai. Hewa ile ya sumu inaua watu wakiwa wameketi.

Kila ukibadilisha mtungi, pitisha povu la sabuni kwenye viungo vyote. Kuwasha, tanguliza kiberiti kirefu, gesi ifuate. Moto ukizimwa na upepo, funga na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya kwenye mitaro na mashimo badala ya kupaa. Mafuta yakishika moto, funga gesi na funika karai kwa mfuniko, maji usiyaguse.

Umeuliza pia kama ununue mtungi mmoja wa kilo 38. Kwa kibanda kisichohama, ndiyo, utakupa raha, na hautaganda kirahisi. Lakini umesema unapokea na kazi za harusi. Huo haupandi bodaboda, na kuupandisha na kuushusha kwenye kirikuu kunahitaji watu. Chukua miwili ya kilo 15 na T yake. Ukiwa na kazi ndogo, unabeba mmoja.